Kukata Filamu Peke Yangu, na Ile Filamu ya Mbegu

Siku waliyoniaga ofisini, kijana mmoja anayekata video peke yake kwenye kompyuta aliniuliza afanyeje ili kazi iishe haraka. Alitaka nimtajie kitufe. Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu lilikuwa refu na chai ilikuwa inapoa. Haya ndiyo niliyomwandikia. Wengine mnaofanya kazi hiyo mkiwa peke yenu mnaweza kuyasoma pia. Kitufe hamtakikuta.

Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Asubuhi moja nilikwenda kuangalia watu wanavyochimba kisima, na kisima kilipokwisha nikawafuata wachimbaji. Baada ya hapo nilibeba mizigo stesheni ya Itigi, nikawa utingo wa lori, nikamsaidia fundi saa kule Kiomboi mpaka aliponikuta nimefungua saa ya mteja nione kinachogonga ndani. Baba yangu alikuwa akiulizwa habari zangu anajibu, "Ntandu? Muulizeni aliyemwona mwisho." Nilikuwa hivyo. Kitu chochote chenye kifuniko kilininyima usingizi.

Uhuru ulikuwa bado mchanga gari la sinema lilipokuja Kiomboi. Wenzangu walitazama shuka jeupe lililofungwa kati ya nguzo mbili, mimi nikaenda kusimama nyuma ya projekta. Mwenye projekta alikuwa Mzee Sungi, Mnyiramba mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Picha zilipokwisha nikamwamkia na kumuuliza kwa nini yule ng'ombe alikuwa mtoni halafu ghafla akawa zizini bila kutembea.

Akanitazama. "Wewe umeliona hilo?"

"Nimeliona, mzee. Ametembea saa ngapi?"

"Ametembea kwenye wembe wangu," akasema. "Panda gari, utanisaidia kushika nguzo mpaka Singida. Ukigusa chochote nakushusha porini."

Niligusa. Hakunishusha.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Singida Mjini, bati juu, saruji chini, dirisha moja lililotazama upande wa ziwa. Kazi ilikuwa kupiga picha za kilimo, afya na vijiji, kuzikata, kuziunga, kisha kwenda kuzionyesha vijijini. Filamu tuliyotumia ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Tukishapiga, tuliipeleka Dar es Salaam kwa treni ikasafishwe, na ilirudi ikiwa ile ile iliyokuwa ndani ya kamera. Nakala haikuwapo. Ninyi mkikosea mnarudi nyuma. Sisi ukikata vibaya, umekata vibaya mbele ya Mungu na watu. Mikono yangu ilitoka jasho miaka yote ile, nikawa naipaka majivu kabla ya kushika wembe.

Miezi ya kwanza Mzee Sungi hakunipa wembe. Alinipa ufagio na ndoo. Upepo wa Singida mnaujua. Vumbi lilipenya hata mahali maji yasipopenya, na punje moja ya mchanga kwenye filamu inachora mstari utakaoonekana kwenye shuka kama ufa wa ukuta. Nilimwaga maji sakafuni asubuhi na mchana, nikatundika blanketi lililoloa mlangoni. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza ya kukata filamu, na mpaka leo nikiona mtu anaanza kazi kwenye meza chafu natamani kumpa ndoo.

Somo la pili lilikuwa la ajabu zaidi. Tukiwa kijijini tunaonyesha, alinikalisha mbele ya watu, mgongo wangu kwenye shuka.

"Sasa mimi nitaonaje picha, mzee?"

"Picha unaijua. Hawa huwajui. Tazama nyuso, sikiliza wanavyoambizana. Pale wanapouliza jirani 'nini hicho?', hapo ndipo ulipokata vibaya."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Lakini baada ya vijiji kadhaa nikaanza kusikia. Kulikuwa na filamu moja ya vyoo ambayo tuliipenda sana sisi wenyewe. Ilionyesha nzi mkubwa amejaza shuka zima, na watu wa Mkalama wakacheka wakasema, "Nzi wa huko kwao ni wakubwa hivyo? Ndiyo maana wanahangaika. Wa kwetu ni wadogo." Mzee Sungi aliitoa ile picha ya nzi siku hiyo hiyo, kwa hasira, kama mtu anayeng'oa jino.

Macho yake yalipoingia mtoto wa jicho akarudi kwao Iramba, na mimi nikabaki peke yangu na chumba, wembe, gundi, projekta na dereva wetu Shabani, ambaye hakutaka kujua lolote lisilokuwa na injini. Ndipo ilipoanza ile shida mnayoijua: kazi ya watu watatu na mtu mmoja. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande, na kila idara ilitaka filamu yake kabla ya mvua.

Kwanza nilifanya kama nilivyomwona mzee akifanya: unachagua kipande, unakata, unakwangua utando wenye picha kwenye ncha, unapaka gundi, unabana, unasubiri ikauke, halafu unatafuta kipande kinachofuata. Niligundua kwamba sehemu kubwa ya siku yangu ilikuwa inakwisha katika kubadilisha chombo mkononi. Nikatenganisha kazi. Siku ya kwanza natazama tu, sigusi wembe. Siku ya pili nakata vyote na kuvitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, vya watu upande huu, vya mashamba upande ule, vya magari mwisho. Nikivipanga navishikiza kwa vibanio bila gundi, ili nikibadili mawazo nisipoteze picha hata moja. Gundi inakuja mwisho, kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mkono ulioshika gundi ukiendelea na gundi unakwenda wenyewe. Rili za filamu nilizizungusha kwa gurudumu la baiskeli lililogeuzwa juu chini. Na vipande vilivyobaki sikutupa: mvua inanyesha, mtama umesimama, wanawake wanapura, lori linapita. Niliviweka sandukuni, na filamu yoyote iliyokosa mvua niliipa mvua ya mwaka uliopita. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa njia hiyo kazi ya wiki mbili ikawa ya siku chache. Kitu kimoja tu sikukiharakisha, kile cha mgongo kwenye shuka. Kila filamu, kabla haijatoka, niliwaonyesha watu wasioijua. Nikikosa muda wa kula nilikosa, lakini hilo nilifanya.

Sasa niwasimulie ile filamu ya mbegu.

Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imekatika mapema. Ghala nyingi zilikuwa tupu, na watu walikuwa wanachanganya mlenda na chochote kilichopatikana. Upande wa Mitundu, ndani zaidi porini, kulikuwa na kijiji kipya kilichokusanya Wanyaturu, Wagogo, Wakimbu na wengine waliotoka mbali. Dada yangu Salome alikuwa amehamia huko na mumewe, watoto wawili na mama mkwe wake. Serikali iliamua kuwapelekea mbegu ya mtama mfupi unaokomaa haraka. Mbegu hiyo ilikuwa imepakwa dawa ya kuzuia wadudu, na mwenye kuitengeneza aliitia rangi nyekundu ili mtu ajue si chakula. Ilikuwa sumu kweli. Bwana shamba alituambia kiasi cha viganja viwili kingetosha kumlaza mtoto asiamke.

Tulitakiwa kutengeneza filamu ya kuwaambia watu: pandeni, msile. Ilipigwa Ikungi. Nilipoipokea kutoka Dar nikaifuta vumbi, nikaikata kwa utaratibu wangu, nikaiunga. Gunia linashushwa kwenye lori. Bwana shamba anamimina mbegu kiganjani. Watu wanapanda. Bwana shamba ananawa mikono kwenye beseni ili sumu isibaki, na punje zilizonata vidoleni zinadondokea majini. Mwisho familia inakula ugali, inacheka. Huo mlo wa mwisho ulikuwa agizo la Ndugu Lukindo, mkuu wetu, aliyekaa chumba cha jirani. Kila filamu ilitakiwa ikome kwenye neema. Hata ile ya kichaa cha mbwa ilimalizika na watu wanakula.

Ndugu Lukindo alikuwa mtu mwema mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa inaambukiza. Asubuhi ile aliingia mara nyingi kuliko mlango ulivyoweza kustahimili.

"Ntandu, imekwisha?"

"Imekwisha, Ndugu. Nataka kuionyesha kwa watu kidogo."

"Watu gani? Lori la mbegu limeondoka alfajiri! Watagawiwa kesho. Filamu iondoke leo."

"Nusu saa, Ndugu."

Akatazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyokataa. "Nusu saa."

Nikafunga dirisha kwa blanketi, nikamwita Mama Hadija aliyekuwa akiuza samaki wa ziwani pale nje, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wananunua, na mzee mmoja mfugaji aliyekuwa amekuja mjini kutafuta dawa ya ng'ombe. Nikawakalisha kwenye benchi, nikawasha projekta, nikasimama mbele yao mgongo kwenye ukuta ulioonyesha picha. Sikusema neno lolote, kwa makusudi. Katika kijiji chenye lugha nyingi kama kile, wazee wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu, na nilitaka picha ziweze kusimama zenyewe.

Walitazama vizuri. Hakuna aliyeuliza jirani yake chochote. Familia ilipoanza kula, Mama Hadija akapiga makofi.

"Mmetuonyesha vizuri, mwanangu," akasema. "Sikujua. Kumbe ile ya msaada ukiiosha inalika."

Nikamsogelea. "Inalika?"

"Si ameiosha pale kwenye beseni? Halafu wamekula, na wamecheka. Mimi nilisikia ina dawa, kumbe ni ya kuosha tu."

"Na mimi nimeona hivyo hivyo," akasema mwenzake. "Maji ya kwanza unamwaga."

Mzee mfugaji akatikisa kichwa akasema, "Mimi sikuona mbegu yoyote yenye dawa. Nimeona mtama. Mtama ni mtama."

Alikuwa amesema kweli kuliko wote. Katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ule wekundu uliowekwa ili kuokoa watu haukuwapo kabisa. Mbegu ya sumu na mtama wa ugali vilikuwa kijivu kimoja. Tulikuwa tumetengeneza, kwa uangalifu mkubwa na viungo visivyokatika, filamu ya kuwafundisha watu wenye njaa namna ya kupika sumu. Na lori lilikuwa njiani kwenda kwa dada yangu.

Nilikwenda kwa Ndugu Lukindo nikamwambia filamu haiondoki. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Toa mlo," akasema. Nilijua lilimgharimu.

"Nikitoa mlo watakuwa wameona mtu anaosha mbegu tu. Na bado hawataona rangi."

"Basi utawaeleza kwa spika! Si una mdomo?"

"Nitawaeleza, Ndugu. Lakini bwana shamba ameshawaeleza watu kule Ikungi, nao wanamjibu kwamba serikali inasema ina sumu ili tusile, tupande. Mtu mwenye njaa ukimwambia usile, anadhani unamficha."

Akakaa tena. Juu ya meza yake ilikuwapo chupa kubwa ya wino mwekundu aliokuwa akiutumia kufuta maneno yetu. Nikawa naitazama. Yeye akanitazama mimi ninavyoitazama.

"Unataka kuchora? Picha moja moja?" akauliza. "Hutamaliza hata kufika Pasaka."

"Sichori, Ndugu. Nachovya."

Akainyanyua ile chupa akanipa kwa mikono miwili. Kisha akafungua kabati akatoa nyingine.

Utando wa filamu unanyonya maji kama sifongo nyembamba. Hilo nilikuwa nalijua kutokana na maafa ya mvua. Nikachukua kwanza vipande vya sandukuni visivyo na kazi, nikavijaribu. Wino mtupu ulikuwa mzito, picha ikazama. Wino uliozimuliwa sana ulitoa rangi ya maji ya kufulia. Nikapata kipimo kilichoacha picha inaonekana, lakini nyekundu kuanzia pembe hadi pembe. Shida ilikuwa kuchovya kipande kirefu bila kujikunja, maana pale filamu inapogusana na filamu, rangi haifiki na utando unachubuka. Nilichukua stuli ya ofisini, nikaizungushia filamu kwenye miguu yake minne, mzunguko kando ya mzunguko bila kugusana, upande wa utando ukiwa nje, nikaigeuza nikaizamisha miguu ndani ya karai. Stuli ile ilikaa nyekundu mpaka tulipohama ofisi, na wageni waliikwepa.

Niliamua hivi. Gunia, liwe jekundu. Mbegu kiganjani, nyekundu. Beseni la kunawia, jekundu, na maji yanamwagwa shimoni. Kupanda, nyekundu mpaka udongo unapofunika mbegu. Hapo rangi inakoma. Baada ya hapo nikafungua sanduku langu la akiba nikampa Ndugu Lukindo neema yake: mvua inanyesha, mtama unachipua, unasimama, unavunwa, unapurwa, unasagwa, na ndipo familia inakula. Rangi ile ile ya kijivu waliyoizoea. Mtu aone kwa macho kwamba kati ya gunia lile na sahani ile kuna msimu mzima.

Kuunga ilikuwa vita. Filamu iliyoloa na kukauka inasinyaa kidogo, na gundi haiipendi. Upepo ulikuwa umeamka, bati linapiga kelele, na mimi nina vipande vilivyoloa vinaning'inia katikati ya mji wenye vumbi kuliko yote ninayoijua. Nikamwaga maji sakafuni mpaka Ndugu Lukindo akavua viatu. Alikaa kwenye benchi, soksi mkononi, akawa ananikabidhi vibanio. Kila nilipomwona anatazama saa, nilimwona Salome anawasha moto.

Ilipokuwa tayari nikamwita tena Mama Hadija na mzee mfugaji. Gunia lilipotokea ukutani, Mama Hadija akaruka.

"Yesu na Maria! Damu!"

"Mama, wewe si Mwislamu?" mzee akamuuliza.

"Acha nimwite yeyote anayesikia! Damu gunia zima!"

"Ungekula?" nikamuuliza.

"Nile damu, mimi?"

"Sisi damu tunakunywa," akasema mzee taratibu, na roho yangu ikashuka hadi kwenye viatu. Akaendelea kutazama. Mbegu ikaingia ardhini, wekundu ukatoweka, mvua ikanyesha. "Ah," akasema. "Lakini ile ya gunia siijui ni damu ya nani. Hiyo siinywi. Mpaka ardhi iisafishe."

Sikuhitaji zaidi. Shabani alikuwa ameshawasha Landrova.

Njia ya kwenda Itigi na kuendelea Mitundu siku hizo ilikuwa jina tu. Nilishika rili mapajani kama mtoto mgonjwa. Shabani aliniambia mara kadhaa kwamba filamu haihitaji kukumbatiwa, nikamwambia atazame mashimo. Tulilala njiani baada ya springi kukatika, na tulipofika kijijini jua lilikuwa linakaribia kuzama siku ya pili. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa furaha.

"Mbegu zimefika?" nikamuuliza, hata kabla ya kumwamkia vizuri.

"Zimefika, ndugu yangu, na zimegawiwa tangu asubuhi. Kila nyumba ina fungu lake. Bwana shamba amehutubia vizuri sana."

"Wamemwelewa?"

Akacheka kidogo, akakuna shingo. "Wamempigia makofi."

Nikafunga spika juu ya gari, nikatangaza kwa Kiswahili na Kinyaturu kwamba mbegu ni sumu, waje wote kutazama. Nikasikia mwanamke mmoja aliyepita na kuni akimwambia mwenzake, "Huyu naye kala wapi leo, mbona sauti yake imeshiba?" Wakacheka. Nikaendelea kutangaza. Nilitaka kwenda kumtafuta Salome, lakini nguzo zilikuwa hazijasimama, jenereta ilikuwa imejaa vumbi, na giza ndilo saa yetu ya kazi. Likiingia bila picha, watu wanarudi nyumbani kula. Nilimwomba mwenyekiti amtume mtu kwa dada yangu. Akasema atakuja tu, wote watakuja.

Kweli walikuja. Salome alifika mwisho, filamu ikiwa ndiyo inaanza, amemshika mtoto wake mkubwa mkono. Akaniona, akapaza sauti juu ya jenereta: "Ntandu! Umekonda kama nguzo zako!"

"Dada, umeacha nini jikoni?" nikamuuliza. Jenereta ikameza maneno yangu. Alinipungia mkono, akakaa chini.

Nilikuwa na mkono mmoja kwenye projekta na shingo imegeukia kwao. Mwanga wa shuka ulizipaka nyuso zote kijivu. Kisha gunia likatokea, na nyuso zote zikawa nyekundu.

Waliokaa mbele wakajivuta nyuma. Mtoto akaanza kulia. Mbegu kiganjani, nyekundu. Mzee mmoja akatema chini. Beseni likatokea, maji mekundu, punje zinazama, na hapo nikamwona Salome anaweka mkono mdomoni. Akasimama. Akamwachia mtoto kwa jirani, akakanyaga watu, akaanza kukimbia gizani bila kutazama nyuma.

Nilielewa mara moja. Mama mkwe wake hakuwa pale. Wala mtoto mdogo.

Na hapo hapo kiungo kikakatika. Shuka likawa jeupe tupu. Kilikuwa kiungo cha mwisho cha wekundu, kabla mbegu haijaingia ardhini. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakasimama kuondoka. Shabani alikuwa amekwenda kutafuta maji ya rejeta. Kama ningemfuata dada yangu, watu wote wale wangekwenda nyumbani wakijua kwamba gunia ni damu, na wengine wangelitupa porini, wengine wangelisubiri mpaka hofu ipite ndipo waoshe. Kama ningebaki, sikujua nini kilikuwa kinaendelea katika nyumba moja. Mikono ilijaa jasho. Sikuwa na majivu wala muda wa gundi. Nilichana plasta ya vidonda kutoka kwenye kisanduku cha gari, nikaibandika pande mbili, nikatoboa kwa ncha ya wembe matundu ya pembeni yanayoshikwa na meno ya projekta, nikaomba. Projekta ikapiga kelele kama mtu anayekohoa, ikaimeza ile plasta, ikaendelea. Udongo ukafunika mbegu. Wekundu ukaisha. Mvua yangu ya sandukuni ikanyesha juu ya kijiji kile kikavu, na mtu mmoja mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aa. Kwa hiyo ni kupanda."

Nilisimama pale mpaka familia ilipomaliza ugali wake. Haukuwahi kuwa mrefu vile ugali ule. Shabani aliporudi nikamwachia kila kitu nikakimbia, nikiuliza njia kwa kila sauti niliyokutana nayo.

Niliwakuta nje ya nyumba. Chungu kilikuwa kimepinduliwa juu ya shimo la majivu, uji mzito wa rangi ya waridi unatoa mvuke, na Salome anaufukia kwa jembe huku analia na kugomba kwa pamoja. Mtoto mdogo alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, ngozi yake ya moto kama ya mtoto yeyote aliyelala. Nilimgusa paji la uso, nikamfungua mdomo nikanusa.

"Hajala," akasema Salome. "Alikuwa anaungoja upoe."

Mama mkwe wake hakusogea. Nikamwamkia. Akampandisha mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye mwenye picha?" akauliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Niliiosha maji matatu. Ilikuwa imekaa vizuri. Huyu amekuja anapiga kelele, ameniangushia chungu, sasa tunalala njaa kwa ajili ya picha yako."

Nikarudi garini nikaleta unga wetu wa safari, wangu na wa Shabani, wote uliokuwapo. Salome akachochea moto upya. Lakini kabla hajagusa maji, bibi alimzuia. Akamshusha mtoto, akaomba taa. Akachota unga kiganjani, akausogeza karibu na mwanga, akaugeuza huku na huku akitafuta wekundu. Akaumimina sahani moja, akachota mwingine, akaugeuza tena. Akafanya hivyo kiganja kwa kiganja mpaka mfuko ukaisha, sisi wote tumesimama tunamngoja na hakuna aliyethubutu kumharakisha, na ndipo akasema, "Haya. Sasa pika."